Filamu ya eksirei kwenye kamera kubwa: mwongozo kamili kwa wapigapicha wa Mtwara na Lindi

Filamu yangu ya kwanza ya eksirei niliisafisha mwezi wa Januari, kaskazi imeshika, saa nane mchana, kwa maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye tangi la juani. Picha ilitokea vizuri kabisa: mlango, mwembe, hadi kuku waliokuwa wanachakura chini yake. Nilipoigeuza kwa kidole, utando wa upande wa chini ukajikunja kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka, ukaanza kubanduka pembeni, kisha wote ukateleza ukatoka. Nikabaki na plastiki ya buluu mkononi.

Tangu siku ile nimesafisha nyingi, na nimeridhika kwamba kwetu pwani ya kusini kazi hii ina maadui wawili tu wa kweli: joto la maji na mikwaruzo. Mengine yote, kamera, lenzi, hesabu ya mwanga, unaweza kuyakosea kidogo na bado ukapata picha. Haya mawili hayasamehe. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye beseni kuliko kwenye kamera.

Kwa nini tuhangaike na filamu ya hospitali? Kwa sababu ni kubwa na inapatikana. Filamu za kawaida za kamera kubwa, ile inayopokea karatasi moja ya filamu kwa kila picha, haziuzwi kwetu, na ukiagiza nje, kila karatasi moja inakuwa na bei ya kukutia hofu ya kubonyeza. Filamu ya eksirei huja kwenye boksi la karatasi 100, kwa vipimo vya sentimita 18 kwa 24, 24 kwa 30, 30 kwa 40 na 35 kwa 43. Ukiharibu 5 ukijifunza, zimebaki 95. Uhuru huo wa kukosea ndio unaomfundisha mtu.

Ijue filamu yenyewe

Röntgen, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, mwaka uleule Wajerumani walipojenga Boma la Mikindani. Filamu inayotumika kunasa miale hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya miale peke yake. Ndani ya kaseti ya hospitali mna bamba linalong'aa likipigwa na eksirei, na mwanga wa bamba hilo ndio unaochoma sehemu kubwa ya filamu. Mabamba mengine hutoa mwanga wa kijani, mengine wa buluu. Kwa hiyo filamu nazo ni za aina mbili: ya kijani, inayoona kijani na buluu, na ya buluu, inayoona buluu tu. Kwa kupigia picha chukua ya kijani. Ya buluu inafanya kazi, ila ni ya polepole zaidi na inabagua rangi kupita kiasi.

Zote mbili ni vipofu kwa rangi nyekundu. Jambo hili litarudi mara nyingi: ndilo linalokuruhusu kufanya kazi chini ya taa nyekundu, na ndilo linalofanya midomo, udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde na ngozi zetu vitoke vyeusi kuliko macho yanavyoviona, na anga itoke nyeupe.

Jambo la pili ni utando. Filamu nyingi za eksirei zina utando wa fedha pande zote mbili za plastiki, ili hospitali ipunguze kiasi cha miale kwa mgonjwa. Kwako maana yake ni kwamba hakuna upande salama wa kuulaza chini. Zipo za utando mmoja, hasa zile za kupimia matiti; ukizipata, shukuru. Zina kikato kidogo pembeni: kikiwa kona ya juu kulia, utando unakutazama wewe. Kwenye kamera, utando utazame lenzi.

La tatu: filamu hii ya utando pande mbili haina tabaka la kuzuia mwanga kurudi nyuma. Mwanga mkali unapenya, unagonga nyuma na kurudi, ukiacha ukungu kuzunguka vitu vyeupe. Kanzu juani itawaka kama taa ya karabai. Wengine huiona kasoro, mimi huipenda, ila usipige dirisha linalotazama jua kama hutaki hali hiyo.

Kuipata na kuitunza

Hospitali nyingi zimehamia mashine za kompyuta, na hapo kuna mtego. Filamu wanazochapishia sasa mara nyingi ni za joto, zinazopita kwenye printa bila dawa yoyote. Hizo hazikufai hata kidogo. Unataka filamu ya maji, ile ya chumba cha giza. Uliza kwa maneno hayo, mtaalamu wa mionzi atakuelewa. Ukikuta kituo kilichobadilisha mashine na kina mabaki yaliyopita tarehe, andika barua, omba kwa utaratibu, lipa kama wanauza. Omba pia fremu za chuma za kuning'inizia filamu na matangi yake. Kwao ni chuma chakavu, kwako ni dhahabu, na nitaeleza kwa nini. Picha za wagonjwa usiziguse, hata kama zimetupwa.

Mpya hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali Dar es Salaam. Kuzisafirisha ndiyo kazi. Boksi langu moja lilisafiri kilomita zaidi ya 500 salama salimini, kisha mtu mmoja njiani akataka kuona kuna nini ndani. Alifungua boksi, akafungua na mfuko mweusi, akachungulia, akafunga vizuri kwa heshima zote. Karatasi 100 zimeungua. Siku hizi naandika kwa kalamu nene pande zote sita: FILAMU, IKIONA MWANGA IMEKUFA. Na naomba boksi likae juu na abiria, lisiende kwenye buti ambako joto linapika.

Nyumbani weka kwenye friji, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kabla ya kulifungua, litoe boksi likae nje saa 4 au 5 mpaka joto lilingane na la chumba, la sivyo unyevu wa hewa yetu utatua juu ya utando kama umande.

Kamera

Sitakaa hapa sana. Kama una kamera ya zamani ya inchi 4 kwa 5, itumie. Kama huna, fundi seremala mzuri atakutengenezea masanduku mawili ya plaiwudi yanayoingiliana, moja likiteleza ndani ya lingine. Mbele lenzi, nyuma kioo kilichosuguliwa kwa msasa laini wenye maji mpaka kiwe na ukungu. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa lenzi, kioo cha kukuzia maandishi kinachokusanya mwanga umbali wa milimita 200 kinatosha kuanzia: kata tundu la milimita 12 kwenye kadi nyeusi ulibandike mbele, hapo una takriban f/16 (umbali huo ukigawanywa kwa upana wa tundu), tundu la milimita 6 ni takriban f/32. Tumia la pili, picha itakuwa kali zaidi.

Ila lenzi ya kioo kimoja ina tabia ya kukusanya buluu karibu zaidi kuliko nyekundu. Jicho lako linarekebisha ukali wa picha kwa rangi zote, filamu inaona buluu na kijani tu, na picha inatoka na ukungu huku ukiapa kwamba ulirekebisha vizuri. Dawa yake ni kuweka karatasi ya plastiki ya kijani mbele ya lenzi unaporekebisha, kisha uitoe unapopiga.

Asiye na lenzi kabisa atumie tundu la sindano. Sanduku lenye kina cha sentimita 18 linataka tundu la karibu milimita 0.6, lililotobolewa kwenye bati la kopo la soda na kusuguliwa lisiwe na makombo. Hiyo ni f/300. Juani mchana, anza na sekunde 15.

Kibebeo cha filamu kiwe na sehemu ya nyuma nyeusi tititi, kwa sababu ya ule mwanga unaopenya na kurudi.

Taa nyekundu na kukata

Chumba cha giza changu ni stoo. Niliziba madirisha kwa mifuko ya saruji na gundi, nikateseka na joto, mpaka nikagundua jambo rahisi: saa kumi alfajiri hakuna haja ya kuziba chochote. Nje ni giza, hewa imepoa, maji yamepoa, watoto wamelala. Tangu hapo nakata filamu, napakia na kusafisha kabla ya adhana ya alfajiri, na kasoro zangu nusu zimekwisha zenyewe.

Taa nzuri ya kuanzia ni ile ya nyuma ya baiskeli, nyekundu ya betri, imeelekezwa ukutani siyo mezani. Kabla ya kuiamini, ipime. Weka kipande cha filamu mezani, juu yake sarafu, kiache chini ya taa dakika 10, kisha kisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa inachoma: isogeze mbali au ivishe plastiki nyekundu nyingine. Simu iache sebuleni. Mwanga mmoja wa ujumbe unaoingia unatosha kukuharibia kazi ya usiku mzima.

Kukata, tumia kisu cha karatasi chenye ubao, kilichowekewa kizuizi cha mbao ili usipime kwa macho gizani. Karatasi ya 18 kwa 24 inatoa nne kamili za sentimita 9 kwa 12. Ya 35 kwa 43 inatoa 9 za kamera ya inchi 4 kwa 5, na kwa kamera hiyo kata sentimita 10 kwa 12.5 ili ziingie kwenye kibebeo bila kukwama. Kila karatasi inapolazwa, ilale juu ya karatasi laini safi, siyo juu ya ubao. Kucha fupi. Pete vua. Shika kingo tu, na mikono iwe mikavu, maana jasho la kidole kimoja linaacha alama ambayo hakuna dawa itakayoifuta.

Mwanga, na nyuso za watu wetu

ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga, namba ndogo ikitaka mwanga mwingi; filamu ya kijani juani mchana ihesabu kama ISO 50. Jua kali la pwani, f/32, ni kama sekunde moja ya kumi na mbili. Ukihamia kivulini kwenye mwembe inakuwa karibu sekunde 1, na hapo huhitaji shata: unatoa kifuniko cha lenzi, unasema "moja Mtwara", unarudisha. Asubuhi mapema na jioni mwanga unakuwa mwekundu, na filamu isiyoona wekundu inaona giza. Mita ya simu haitakuambia hivyo. Ongeza mara 2, karibu na magharibi mara 4.

Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa na watu waliopiga nyuso nyeupe. Ngozi ya kahawia inarudisha nyekundu nyingi na buluu kidogo, kwa hiyo filamu hii inaifanya nyeusi kuliko ilivyo, na ukifuata ISO 50 utapata macho na meno tu. Kwa nyuso zetu mimi huhesabu ISO 25, wakati mwingine 12, kisha napunguza muda wa kusafisha kwa kama moja ya tano ili kanzu au kanga isiungue. Kaa kivulini penye uwazi, mtu atazame upande ulio wazi wa anga, kwa sababu anga ni buluu na buluu ndiyo chakula cha filamu hii. Juani kamwe. Fanya hivyo, utaona kitu ambacho filamu za kawaida hazikupi: ngozi inatoka na uhai wote, kila mkunjo, kila kovu.

Nilimpiga bibi mmoja kijijini wilayani Newala, mwenye nembo za Kimakonde usoni, zile chale za zamani zilizotiwa masizi. Nilipojifunika kitambaa cheusi kutazama kioo, akasema:

"Mjukuu wangu, mbona umejifunika kama mwali?"

"Nautafuta uso wako, bibi. Humu ndani umesimama kichwa chini."

"Basi nigeuze upesi, miguu inaniuma."

Tulimwekea kigoda, mgongo ukaegemea ukuta, kwa sababu mtu aliyeegemea anaweza kutulia sekunde 2 bila taabu. ISO 12, kivuli cha ukuta, f/16. Nembo zilitoka zote, mstari kwa mstari, na hata kovu la ndonya juu ya mdomo, ambalo kwa macho nilikuwa silioni vizuri.

Usikisie mwanga; jaribu. Chomoa kifuniko cha kibebeo chote, piga sekunde 1. Kiingize robo, piga sekunde 1 tena. Kiingize nusu, piga 2. Kiingize robo tatu, piga 4. Kwenye karatasi moja utakuwa na sekunde 1, 2, 4 na 8 zimepangana. Karatasi moja hiyo itakufundisha zaidi ya kurasa zangu hizi.

Kichujio cha njano kinaleta mawingu kwenye filamu ya kijani, ila ongeza muda mara 3 au 4. Kwenye filamu ya buluu usikitumie, utakuwa umeifunga macho.

Dawa: ya dukani, ya hospitali, na ya jikoni

Unahitaji dawa mbili. Devalopa inaibua picha, fiksa inaigandisha isiendelee kuungua.

Ukipata Rodinal, devalopa ya dukani, weka sehemu 1 kwenye maji sehemu 100, dakika 5 kwa nyuzi 24. Ni nzuri na inakaa miaka. Devalopa ya hospitali ni kali mno kwa picha zetu, inageuza kila kitu kuwa cheupe au cheusi; ukishaikoroga kama inavyoelekezwa, izimue tena kwa maji sehemu 5 na uanze na dakika 4. Lakini ninayoitumia mwaka mzima ni ya kahawa, na kwetu Tanzania tumebarikiwa. Kinachoibua picha ni asidi zilizomo kwenye kahawa, nazo ziko nyingi zaidi kwenye robusta ya bei nafuu kuliko arabika ya kifahari. Kahawa ya kuyeyuka ya Africafe, inayotoka Bukoba kwenye nchi ya robusta, inafanya kazi barabara.

Kwa lita 1:

Sodiamu kaboneti kavu, gramu 54.
Vitamini C ya unga, gramu 16.
Kahawa ya kuyeyuka, gramu 40.

Sodiamu kaboneti ikikosekana dukani, itengeneze kwa baking soda. Ikaange kwenye chungu au kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, ukikoroga, mpaka iache kutokota na kupumua. Gramu 100 zinabaki 63, kwa hiyo kwa lita moja anza na 86. Pima uzito: ukiona hauteremki tena, imeiva. Usitumie sufuria ya alumini, soda hii inaila. Na magadi ya mawe ya sokoni yaache kwenye maharage. Yana chumvi na uchafu usioujua, na leo hayatalingana na jana.

Vidonge vya vitamini C vyenye sukari na rangi ya chungwa navyo viache. Tafuta unga mtupu wa asidi askobiki.

Yeyusha soda kwanza mpaka maji yawe safi. Yatapata joto, subiri. Kisha vitamini, itatoa povu dogo. Mwisho kahawa, ukikoroga taratibu bila kupiga, kwa sababu kila kiputo kinachogusa filamu ni doa. Iache dakika 10 itulie. Harufu yake ni mbaya, sitakudanganya. Kwa filamu ya eksirei mimi huizimua tena nusu kwa nusu na maji na kuanza na dakika 8 kwa nyuzi 24. Itumie ndani ya saa moja, haiwekeki.

Fiksa nunua ya hospitali, inatosha kabisa. Ukipata sodiamu thaiosalfeti, ambayo mafundi wa zamani waliiita "haipo" (hypo), gramu 250 kwa lita moja zitafanya kazi, polepole zaidi.

Joto

Wakati wa kaskazi maji ya bomba Mtwara mjini yanafika nyuzi 28, 29. Mtu wa Ulaya anasafisha kwa 20. Usihangaike kufika 20, utamaliza barafu ya mtaa mzima. Lenga 24, mwisho 26. Kila nyuzi inayopanda, punguza muda kama asilimia 10.

Jaza mtungi wa udongo usiopakwa rangi jioni, uweke penye upepo, juu ya mafiga siyo chini kabisa. Msimu wa kusi alfajiri utakuta maji ya 23 au 24 bila gharama yoyote. Kaskazi hewa imejaa unyevu na mtungi hautoi jasho vizuri; hapo nunua mifuko miwili ya barafu kwa jirani, iweke ikiwa imefungwa kwenye karai kubwa lenye maji, na mabeseni ya dawa yaelee ndani ya karai hilo. Barafu isiguse dawa.

Siri iliyoniokoa siyo ubaridi peke yake, ni usawa. Devalopa, maji ya kati, fiksa na maji ya mwisho vyote viwe na joto moja, tofauti isizidi nyuzi 2. Utando ukitoka kwenye dawa ya 22 kwenda maji ya 29 unavimba ghafla, unachanika vijinyufa au kubanduka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ile filamu yangu ya Januari, pamoja na dawa ya moto niliyoiacha dakika 15. Kwa hiyo chota maji ya kuoshea kutoka mtungi uleule na uyaweke tayari kwenye ndoo kabla hujazima taa.

Kusafisha, karatasi moja kwa wakati

Ndani ya kila beseni, chini kabisa, laza kipande cha kioo cha dirisha kilichosuguliwa kingo. Mabeseni ya plastiki yana vijimistari chini, na utando wa chini, ukiwa umelowa na kulainika, unakwaruzika navyo kama karatasi ya mkate. Kioo kimenipunguzia mikwaruzo kuliko kitu kingine chochote. Kama ulipata fremu za hospitali na tangi lenye kina, bora zaidi: filamu inaning'inia, haigusi kitu, na pembe nne tu ndizo zinapata vitobo. Usitumie koleo. Usisafishe mbili kwa pamoja.

Taa nyekundu ikiwaka, ingiza filamu kwenye maji matupu dakika 1, uigeuze mara moja. Kisha iteleze ndani ya devalopa kwa mwendo mmoja, yote izame. Inua pembe ya beseni taratibu, ishushe, hivyohivyo kama wimbi la Shangani wakati bahari imetulia. Kila sekunde 30 igeuze: penyeza kidole chenye glavu chini ya kona, inua, pindua. Upande wa chini nao una picha yake na unataka dawa.

Karibu dakika ya 2 utaona anga ikianza kuwa nyeusi, kwa sababu hii ni negativu: vyeupe hutoka vyeusi na vyeusi vyeupe. Hapa ndipo filamu hii inapoishinda filamu yoyote ya kamera ndogo: unaona kwa macho yako. Ila usidanganyike. Kabla ya fiksa utando ni mweupe kama maziwa, na kila kitu kinaonekana kizito kuliko kilivyo. Unapofikiri "sasa imetosha", ipe sekunde 30 nyingine. Mimi hutazama upande wa nyuma. Vivuli vikianza kuwa na maumbo huko nyuma, natoa.

Kutoka hapo iende kwenye maji matupu dakika 1. Siki wengine wanatumia kusimamisha dawa; kwa devalopa yenye soda na joto letu siipendekezi, asidi ikikutana na soda ndani ya utando laini inatoa gesi, nayo inaacha vitundu vidogo.

Kisha fiksa. Hesabu muda filamu inaochukua kupoteza umaziwa pande zote mbili, kisha zidisha mara 2. Ikichukua dakika 2, iache 4. Baada ya hapo washa taa.

Kuosha: badilisha maji mara 6, dakika 2 kila mara, bila kutumia bomba la moto. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi inayoacha madoa meupe, kwa hiyo mara ya mwisho tumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, yenye tone moja tu la sabuni ya vyombo. Ning'iniza kwa pembe moja kwa kibanio, ndani ya chandarua. Chandarua sikukikusudia kwa mbu. Utando ni jelatini, na sisimizi na mende wanaula kwa furaha. Nimewahi kuamka nikakuta barabara ya sisimizi imepita katikati ya anga.

Kuondoa utando wa nyuma

Pande mbili zina maana ya picha mbili, na unene wa plastiki katikati unapunguza ukali kidogo. Kwa chapa ya kugusana, negativu ikilazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, huoni tofauti. Ukitaka kuikuza, au upande mmoja umekwaruzika, unaweza kuutoa huo mmoja. Filamu iwe imekauka kabisa. Ibandike juu ya kioo kwa gundi ya utepe pande zote nne, upande mzuri ukiwa chini, utepe usiache hata upenyo wa unywele. Mwagia jiki iliyozimuliwa nusu kwa nusu, pakaza kwa sifongo. Baada ya dakika moja au mbili utando unalainika na kutoka kama ute. Suuza sana kabla ya kubandua utepe.

Fanya hivyo nje, na jiki isikutane kamwe na siki wala fiksa. Jiki ikichanganyika na asidi inatoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Ndoo zake ziwe tofauti.

Ukishapata negativu

Njia ya haraka ni kuilaza juu ya kioo chenye karatasi nyeupe nyuma yake, mwanga utoke nyuma, uipige kwa simu na kuigeuza rangi. Inatosha kama ni ya kuwatumia watu kwa simu. Zile za 18 kwa 24 chapa zikiwa na ukubwa wake uleule: negativu juu ya karatasi ya picha, kioo juu, taa sekunde chache.

Karatasi za picha ni adimu, kwa hiyo nachapa juu ya filamu ya eksirei yenyewe. Chini ya taa nyekundu, filamu mpya chini, negativu juu, kioo juu yake, washa balbu ndogo ya mbali sekunde 1, kisha safisha kama kawaida. Inatoka picha kamili, nyeusi na buluu hafifu, unayoitazama kwa kuishika kwenye mwanga.

Fiksa iliyochoka ina fedha ndani yake. Usiimwage karibu na kisima wala baharini. Iweke kwenye dumu na utumbukize waya wa chuma wa kusugulia masufuria, ule unaoshika kutu. Baada ya siku kadhaa chuma kinachukua nafasi ya fedha, nayo inatua chini kama tope jeusi. Negativu ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo lenye kifuniko na kimfuko cha mchele mkavu uliokaangwa, na ubadilishe mchele kila mvua zinapoanza.

Bibi wa Newala nilimpelekea ya kwake juu ya filamu, imewekwa kati ya vioo viwili. Aliiegemeza kwenye dirisha linalotazama mashariki. Kama utafanya hivyo nawe, acha nafasi ya unene wa kadi kati ya kioo na utando, vinginevyo unyevu wa masika utavigandisha, na ukijaribu kuvitenganisha uso utabaki kwenye kioo.